Mfawidhi na Leseni Yangu

Kitu ambacho Mfawidhi alikichukia kuliko nzi kwenye chumba cha kujifungulia ni maneno ya aina ya "imefanyika". Asubuhi tukikabidhiana zamu kwenye benchi la wagonjwa, kabla wagonjwa wenyewe hawajajaa, mtu akisema "dawa zimetolewa" au "yule mama amepimwa presha", yeye hakuinua hata macho. Aliuliza neno moja tu: "Nani?" Dawa zimetolewa na nani, presha imepimwa na nani. Ukimjibu "na sisi", alitaka kujua hapa kazini nani anaitwa Sisi. Basi wote tuliofanya naye kazi tulijifunza kusema nimetoa, nimepima, nimesahau. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulitamka, na ndilo alilokuwa akilingojea.

Namwita Mfawidhi kwa sababu sijawahi kumwita jina jingine. Jina alikuwa nalo, na wajukuu zake wana la kwao la kumwitia, lakini mimi nilimkuta na cheo hicho: muuguzi mkunga, mfawidhi wa zahanati ndogo isiyo ya serikali, ndani kidogo ya barabara inayotoka Nyakanazi kwenda Biharamulo. Wanakijiji walimwita Mfawizi. Yeye naye, kama Wasubi wengi wa rika lake, alizibadilisha r na l apendavyo, na kwa muda wote niliokaa naye leseni ilikuwa reseni.

Nilifika kwake na hiyo reseni ikiwa mpya kabisa. Nilikuwa nimeifunika plastiki, nimeitia kwenye bahasha, naitembeza kutoka hospitali hadi hospitali kama mtu anayetafutia mbuzi wake mnunuzi. Kila mahali jibu lilikuwa lile lile: nafasi hakuna, omba kwenye mfumo, subiri usaili. Pale kwenye zahanati wenye mali waliniambia nafasi ya nesi imejaa, iliyobaki ni ya mhudumu. Mhudumu ndiye anayedeki, anayefua mashuka, anayechemsha vyombo, anayepeleka kondo la nyuma shimoni na kumshikia beseni mgonjwa anayetapika. Ni kazi ya heshima, lakini siyo niliyosomea. Wenzangu wa chuo walinionya kwamba nikianza na dekio nitazeeka nalo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kula kwa mama yangu.

Mfawidhi aliipokea leseni yangu kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaisoma mpaka mwisho na nyuma yake ambako hakujaandikwa kitu. Kisha akanirudishia na kusema nzuri, niiweke mbali na maji. Baada ya hapo akanionyesha bomba liliko, ndoo ziliko, na jiki inakofungiwa. Akaniambia kwamba mgonjwa akiniita nesi, nimjibu nesi anakuja. Nisiitikie. Nililala na maneno hayo kwa siku nyingi, maana yaliniuma.

Usidhani alikuwa mkali wa kupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alipokasirika ilizidi kuwa ndogo mpaka ikabidi umsogelee ili ugombezwe vizuri. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, kanga juu ya sare yake ya kazi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zake zote, na bado nyimbo za kwaya za akina mama wa kanisani alizijua kuliko wao, kwa sababu walikuwa wakiziimba wakisubiri kliniki na yeye alikuwa hawezi kusikia wimbo asiushike. Mara nyingi alizalisha watu huku akiuimba utenzi wa Kwaresima taratibu, na hakuna aliyeona ajabu.

Alituwekea sheria kwamba hakuna kula kwenye chumba cha kuonea wagonjwa. Nesi mwenzetu, binti wa Kihaya mwenye maneno mengi, alikatazwa hata kutafuna jojo humo. Lakini kwenye droo ya Mfawidhi, chini ya boksi la glovu, kulikuwa na karanga za kukaanga kila siku ya Mungu. Alizila moja moja akidhani hatusikii. Siku moja mgonjwa alimwambia kwa adabu kwamba ana ganda mdomoni. Mfawidhi akamshukuru, akalifuta, akaendelea kumwuliza kikohozi kimeanza lini.

Na aliogopa ng'ombe. Nchi ile imejaa Wasukuma waliohamia na mifugo yao kutoka Mwanza na Shinyanga, na njia ya kwenda kwenye lambo la maji ilipita nyuma ya zahanati. Asubuhi kundi likipita, yeye aliyekuwa haogopi damu, kichaa wala mganga mkuu, alijifungia ndani na kuchungulia kwenye pazia. Aliniita kwa ile sauti yake ndogo: "Mhudumu, kuna wagonjwa wenye pembe huko nje. Waambie reo hakuna kliniki." Nikatoka na dekio langu nikawafukuza, na wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilikuwa Mhangaza pekee pale, na alinitania kwa hilo. Alijifunza salamu za Kihangaza makusudi ili azikosee, aone nitamsahihisha au nitamheshimu. Nilimheshimu kwa miezi kadhaa. Siku nilipomsahihisha alifurahi sana, akasema sasa nimefika.

Lakini utani wake wa kila mara ulikuwa wa leseni. Kila mwezi ulipoanza, aliniuliza hali yake kama mtu anayeulizia mgonjwa aliyelazwa nyumbani kwenu: "Reseni hajambo?" Nilimjibu hajambo, anakula vizuri. Wakati wa kuihuisha ulipokaribia, utani ulikwisha. Alinipangia siku za kwenda kwenye mafunzo ya kujiendeleza, akashika dekio yeye mwenyewe siku hizo, akanitishia kwamba leseni ikifa nisimwite kwenye mazishi. Ndipo nilipochanganyikiwa juu yake. Mwaka mzima haniruhusu kugusa hata kipima joto, na bado analinda leseni yangu kuliko ninavyoilinda. Nilimwuliza siku moja inanifaa nini ikiwa nadeki. Akaniambia kwamba mtu anayedeki bila leseni na mtu anayedeki akiwa nayo hawadeki chumba kimoja. Sikumwelewa, na nadhani hata yeye alikuwa anautafutia maana usemi wake.

Mama yangu alikuwa Murukulazo, kwetu Ngara, na yeye msimamo wake ulikuwa mwepesi kuuelewa. Alijua nadeki, sikumficha. Alisema kazi ni kazi. Lakini safari ya kuja kunitembelea alikataa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na magari ya kubadilisha ni mengi, kwa hiyo alisema ana safari moja tu iliyobaki mwilini, na anaitunza kwa ajili ya siku nitakayovaa nyeupe. Sare ya wahudumu pale ilikuwa ya kijani. Kila nilipompigia simu, baada ya salamu na habari za migomba na kahawa, aliuliza: "Bado ni kijani?" Nami nilimwambia bado, mama. Nilimwambia hivyo nikicheka, na nikikata simu nilikuwa sicheki.

Mfawidhi aliyajua haya yote. Nilimsimulia mwenyewe tukikunja mashuka, maana kukunja shuka kunahitaji watu wawili na watu wawili huwa wanazungumza.

Nikisema alichukia maneno ya kujificha, isionekane kwamba alikuwa hasemi uongo. Alisema, na alikuwa na kipaji nao. Kulikuwa na mama mkwe mmoja aliyemleta mkwewe kliniki, binti mdogo aliyejifungua karibuni, amekonda, mikono imejaa malengelenge ya jembe. Mfawidhi alimpima, akampa vidonge vya kawaida vya kuongeza damu, kisha akamgeukia mama mkwe kwa uso mzito kabisa. Akamweleza kwamba dawa hii ni kali na haipatani na jembe. Mtu akiimeza kisha akashika mpini, damu inakimbilia mikononi na mtoto anakosa maziwa. Yule mama aliitikia kwa hofu, na nasikia binti hakulima mpaka mtoto alipoanza kukaa. Nilipomwuliza Mfawidhi dawa gani hiyo isiyopatana na jembe, alinijibu kwamba hata mimi nikiimeza nisilime.

Sasa nieleze habari ya yule mama aliyetokwa damu, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki.

Ilikuwa siku ya gulio, mchana. Nesi wetu alikuwa ameondoka na sanduku la chanjo kwenda vijijini. Mfawidhi alimzalisha mama mmoja wa Kisukuma, mtoto wa kike, na kondo likatoka vizuri. Kabla hajamaliza kunawa, akaletwa mtoto wa degedege chumba cha pili, akakimbilia huko. Nikabaki na ndoo yangu nideki chini ya kitanda. Nilikuwa nimeinama nilipoona damu inadondoka upande ambao nilikwisha kudeki. Nikafuta. Ikadondoka tena, kwa kasi zaidi. Nikasimama, nikamtazama yule mama, naye akawa ananitazama bila kuniona.

Nilivua glovu za kudekia, nikanawa, nikavaa nyingine. Nikaweka mkono tumboni kwake, nikakuta mji wa mimba umelegea, nikausugua kwa nguvu mpaka ukaanza kukaza. Nikachukua kwenye friji ile sindano ya kuukaza, nikamchoma pajani, nikamtundikia dripu, nikarudi kusugua. Muda wote nilikuwa naita kupitia ukutani kwamba mama anatoka damu, na Mfawidhi kutoka upande wa pili, akiwa ameshika mtoto anayetetemeka, alinijibu neno moja: "Endelea." Alipokuja damu ilikuwa imepungua. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akapima, akauacha pale kidogo, kisha akaniambia nikanawe.

Jioni nesi wetu aliporudi na kusikia, alinivuta pembeni. Alisema wenye zahanati wakijua mhudumu amechoma sindano watanifukuza, kwa hiyo kesho kwenye kukabidhiana zamu tuseme ni yeye, aliwahi kurudi. Alinipenda, Mungu ambariki. Asubuhi zamu yangu ya kusema ilipofika nilitafuta njia ya katikati. Nikasema kwamba jana mama alitokwa damu baada ya kujifungua, mji wa mimba ulisuguliwa, akachomwa sindano, akawekewa dripu, anaendelea vizuri.

"Nani?" akauliza Mfawidhi.

Nesi akafungua mdomo. Nikamtangulia, nikasema mimi.

"Umesugua wewe?"

"Nimesugua."

"Umechoma wewe?"

"Nimechoma mimi."

Akafuta miwani kwa pindo la kanga. "Reseni hajambo?"

"Hajambo, Mfawidhi."

"Haya. Chumba cha pili hakijadekiwa."

Nilitaka sana kumwuliza hakijadekiwa na nani. Lakini jibu lilikuwa linasubiri pale ukutani na ndoo yake, kwa hiyo nikaenda.

Siku ile ile aliwapigia wenye zahanati mbele yetu sote. Aliwaambia: "Mhudumu wangu amechoma sindano, ana leseni, na mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Mnifukuze mimi au mumfanye nesi." Hawakufanya lolote kati ya hayo. Walisema mwaka huo hawana nafasi, wataangalia. Alikata simu akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia kwamba kuangalia hata ng'ombe wanaangalia.

Baada ya wiki kadhaa mama mkwe wa yule mama alikuja na jogoo mwekundu. Alimpa Mfawidhi kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, daktari. Mfawidhi, ambaye alipenda kuku kuliko alivyopenda kusifiwa, hakumpokea. Alimwambia mwenye jogoo ni yule mwenye ndoo. Mama akanitazama mimi, akaitazama ndoo, akamtazama tena Mfawidhi kuona kama anataniwa. Kisha akanipa. Tulimla wote, na Mfawidhi alichukua paja.

Baada ya hapo kilichobadilika ni kidogo. Niliendelea kudeki na kuvaa kijani. Lakini Mfawidhi alianza kuniita chumbani akizalisha, nisimame karibu na ukuta, nikiwa na ndoo au bila ndoo. Hakunipa kitu cha kushika. Aliniuliza tu naona nini. Nilimwambia, na kama nimekosea aliniambia nitazame tena. Wakati ule niliona kama fadhila. Nilihisi naangaliwa na mtu anayenitaka pale, na kwa kijana aliyetembeza bahasha milango yote ya Kagera hilo halikuwa jambo dogo. Nilimpenda. Kama mtu angeniuliza wakati ule nani aliye upande wangu duniani, ningemtaja mama yangu kisha ningemtaja yeye.

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya maharage. Miguu ilivimba, kisha moyo. Nilifika Murukulazo akiwa ameshaoshwa. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, msomaji alitaja watoto na kazi zao, na alipofika kwangu akasema ni nesi wa Biharamulo, kwa sababu ndivyo kijiji kilivyoelewa. Watu wakanigeukia kwa huruma na heshima. Mimi nilikuwa nanusa mikono yangu, maana jiki haitoki kwa siku moja.

Mfawidhi alikuja mazishini. Ni mwendo mrefu, na kwa umri wake hakuna ambaye angemlaumu kama angetuma rambirambi. Alikuja na kanga yake, akaketi na akina mama, akamenya ndizi za msiba pamoja na watu asiowajua, wenye lugha asiyoijua. Alilia sana. Alilia mpaka shangazi yangu akaniuliza kama ni ndugu yetu wa upande gani. Nikamwambia ni bosi wangu. Shangazi akasema hajawahi kuona bosi wa namna hiyo.

Niliondoka kwake mwaka mmoja baadaye. Usaili wa serikali hatimaye ulinipitisha, nikapangiwa huku huku Ngara, na nikavaa nyeupe bila wa kunitazama. Mfawidhi alinisindikiza mpaka Nyakanazi. Tulisubiri gari kwenye banda la mama mmoja muuza chai, katikati ya malori ya Rwanda na Burundi, yeye akila karanga hadharani kwa sababu pale hakukuwa na sheria. Aliniambia niwe naangalia damu chini ya kitanda. Hakusema jingine. Alistaafu muda mfupi baadaye, akarudi kwao Nyarubungo kulima.

Tulipigiana simu kila sikukuu, zangu na zake. Mara nyingine aliniuliza hali ya leseni. Nilipofanywa mfawidhi wa zahanati ndogo upande wa huku, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

Mara ya mwisho nimemwona ni mwaka huu. Nilikwenda Nyarubungo makusudi, Jumamosi, bodaboda ikaniacha barabarani nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta uani amezungukwa na muhogo, anaumenya kwa ajili ya kuanika. Amezeeka, kamba ya miwani ni ile ile au ndugu yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mfawidhi."

"Marahaba. Mfawizi ni wewe sasa, mimi ni mkulima. Chukua kisu."

Nikachukua kisu, nikaketi kwenye kigoda, tukamenya. Tulimaliza habari za nyumbani, za watoto wangu, za mvua. Kisha nikamweleza kilichonileta.

Kwenye zahanati yangu nina binti aliyeajiriwa kama mhudumu. Ana leseni ya uuguzi, kama nilivyokuwa nayo mimi, na aliikubali kazi hiyo kwa sababu hizo hizo. Ana mikono mizuri, anaona haraka, akina mama wanamtaka. Juzi nimepigiwa simu na hospitali ya mkoa wa jirani. Aliniandika kuwa mdhamini wake. Wanamtaka kwa mkataba wa nesi, wamemtafuta yeye hawakumpata, aripoti Jumatatu. Nikawaambia nitawajulisha. Na sijamwambia. Nilimweleza Mfawidhi kwamba nesi wangu mmoja yuko karibu kujifungua, huyu akiondoka nabaki mwenyewe na foleni ya kliniki mpaka barabarani. Nilimwambia nafikiria kusubiri kidogo, nafasi nyingine zitatokea, bado ni kijana. Niliongea sana. Nilikuwa namsubiri aseme zahanati kwanza, na kusema kweli sikuwa na shaka kwamba atasema.

Alimenya muhogo wake mpaka ukaisha, akautupa kwenye beseni.

"Hata wewe walikupigia," akasema.

Sikuelewa.

"Hospitali ya kwenu huko Ngara. Mkataba wa nesi. Simu yako ilikuwa haishiki, wakanipigia mimi kwa sababu uliniandika mdhamini. Nikawaambia umeshapata kazi Mwanza, wasikutafute."

Nikamwuliza lini.

"Ule mwaka wa yule mama aliyetokwa damu."

Kwanza niliitafutia habari ile mahali pazuri pa kukaa, maana sikutaka kumpoteza. Nikamwambia basi ilikuwa heri, Mfawidhi, kwani ningeondoka yule mama angekufa na mtoto wake angelelewa na bibi.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo usinipe. Simu ilikuja baadaye. Yule mama alikuwa ameshapona, yuko kwake, jogoo tumeshakula. Niliiona mikono yako nikaitaka. Ni hivyo tu." Akachukua muhogo mwingine, akaugeuza, hakuanza kuumenya. "Na mama yako alikuwa hai."

Nilimkasirikia. Nataka liandikwe hivyo, bila kupambwa. Nilimkasirikia mtu niliyempenda, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, namenya muhogo wake. Nilimwona mama yangu na miguu yake imevimba, anaitunza ile safari yake moja kama mtu anayetunza mbegu, na safari yenyewe ilikuwa mpaka Ngara mjini tu, kumbe, karibu hivyo. Nilitaka aseme nisamehe ili nipate cha kukataa. Hakusema. Alinitazama kwa macho makavu, akingoja chochote nitakachomletea.

"Huyo binti ana mama?" akauliza.

"Anaye."

"Basi usikae hapa kunikasirikia. Nipo, utanikuta. Mtandao unashika pare kwenye kona ya shule."

Nikaweka kisu chini. Nilitoka bila kuaga, nikapita kwenye mistari ya muhogo uliokwisha kuanikwa, nikafika kwenye kona ya shule nikampigia yule binti. Haikupatikana. Nikapiga tena. Haikupatikana. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakaniambia nisogee kwenye nguzo ya goli, nikasogea, na safari hii ikaita kwa muda mrefu kabla hajapokea. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, Mfawidhi. Samahani, nilikuwa uani naanua mashuka, mvua inakuja. Kuna mgonjwa? Nikaanze nini?"

"Yaache mashuka," nikamwambia.